Nkt! Moshi wa Safari Tupu

Nkt! Hebu waambieni wale vijana wazime pikipiki. Watatu wameegesha kando ya lami ya Eldoret–Kitale hapa Matunda, hakuna abiria, hakuna mzigo, na injini zote tatu zinanguruma. Mmoja yuko kwenye simu. Wawili wanabishana kuhusu Arsenal. Moshi unamwendea mama wa chai na sufuria yake, petroli inaisha, na jioni vijana haohao watakuja kuketi kwenye benchi hili watuambie boda boda hailipi siku hizi.

"Nikizima, kuiwasha tena inakula mafuta mengi," anajibu mmoja wao. Huo ni uongo wa steji, mkubwa anamfundisha mdogo, na mdogo akikua anamfundisha mwingine. Muulizeni fundi wa ng'ambo ya barabara, anayefungua pikipiki za Boxer na TVS tangu zilipoanza kujaa huku. Injini ndogo ikishapata moto huwaka mara moja, na mafuta ya kuiwasha hayafikii yale inayokunywa ikiachwa ingurume. Kama unajua utasimama zaidi ya dakika moja, zima. Ni jambo dogo, halihitaji mfadhili wala semina ya hotelini.

Lakini leo sikuketi hapa kuwasema vijana peke yao. Kila mara mazungumzo ya moshi wa magari yakianza, benchi hili hukimbilia Nairobi: foleni ya Thika Road, matatu za Rongai, moshi wa viwandani. Ati sisi wa Likuyani tuna miti, tuna mahindi, tuna hewa safi, mambo hayo hayatuhusu. Aka! Yanatuhusu sana, na kwa namna yetu wenyewe. Sisi hatuna foleni. Tuna safari tupu. Pikipiki inazunguka bila mtu, lori linapeleka mahindi ghalani na kurudi nayo, mkulima anakwenda mjini kufuata sahihi anaambiwa aje kesho. Ukitaka kujua mafuta ya Likuyani yanaishia wapi, fuata safari ambazo hazikumfikisha mtu popote.

Tupige hesabu. Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, hutangaza bei mpya, na siku hiyo steji nzima hutazama simu. Oktoba 2023 lita ya petroli ilifika Ksh 217.36 Nairobi, na huku kwetu bei huwa karibu na ile ya Nairobi. Kijana anayechoma lita tatu kwa siku alikuwa anatoa zaidi ya Ksh 650 kabla hajanywa chai, kabla hajalipa mkopo wa pikipiki. Hiyo ni pesa. Sasa njoo kwenye moshi. Kila lita ya petroli ikiungua hutoa kama kilo 2.3 za hewa ya ukaa.

Hapo mama wa chai aliweka kikombe chini, akamgeukia mwalimu mstaafu anayeketi nasi. "Mwalimu, lita moja ya petroli haifiki hata kilo moja. Hizo kilo mbili na kitu zinatoka wapi?"

Mwalimu huyo, aliyefundisha kemia miaka mingi, alifurahi kuulizwa. "Swali zuri, mama. Kaboni iliyo ndani ya petroli inapoungua inashikana na oksijeni ya hewa hii tunayovuta. Uzito mwingi unatoka hewani, si kwenye tangi."

Basi lita tatu kwa siku, kwa siku mia tatu za kazi, ni lita 900 kwa mwaka. Zidisha kwa 2.3: zaidi ya tani mbili za hewa ya ukaa kutoka pikipiki moja. Kisha simama kwenye lami hapa alfajiri uone pikipiki zinavyomiminika kutoka Kongoni, kutoka Sango, kutoka njia za udongo ambazo hata ramani haina majina yake. Utaacha kusema moshi ni habari ya Nairobi.

Na kijana huyo, kati ya lita zake tatu, ni ngapi zilibeba mtu? Hilo ndilo swali linaloniuma. Ukimuuliza kwa upole atakuambia ukweli: anakwenda chini hadi kwenye daraja, anarudi, anapita kando ya hospitali, anarudi, anaingia sokoni, anatoka. Anatafuta. Anatafuta kwa sababu pikipiki ni ya mkopo na mkopo unalipwa kila siku, mvua inyeshe au isinyeshe, abiria wawepo au wasiwepo. Akikaa anahisi deni linamkalia shingoni. Kwa hiyo anazunguka, na kuzunguka huko ndiko kunakokula pesa ya deni. Vijana, hiyo hesabu haitatoka sawa hata mkizunguka mpaka Kitale!

Mzee mmoja hapa hutukumbusha kwamba haikuwa hivi. Magharibi hii ndiyo nyumba ya boda boda. Ilianzia mpakani Busia, na ilikuwa ya baiskeli. Black Mamba yenye kiti cha sponji nyuma, kijana anakanyaga, kukhu, yaani bibi, amekaa upande na kikapu chake. Kisha mwaka 2008 serikali ikaondoa VAT kwenye pikipiki za chini ya cc 250, na katika miaka michache baiskeli zikapotea barabarani. Sisemi pikipiki ni mbaya. Pikipiki imewahisha akina mama wajawazito hospitalini usiku wa manane kwenye barabara ambazo ambulensi haiingii, na imewapa kazi vijana ambao hawakuwa nayo. Ila yule wa baiskeli hakuzunguka ovyo. Alikaa chini ya mti akangoja, kwa sababu kila kilomita aliilipia kwa miguu yake. Wa leo miguu haimuumi, kwa hiyo hasikii gharama mpaka jioni anapofungua mfuko.

Dawa yake ipo na ni ya zamani: foleni. Steji yenye foleni, ambapo wa kwanza kufika ndiye wa kwanza kubeba, haihitaji mtu kuzunguka. Unakuja, unaandikisha namba, unazima, unaketi. Zamu yako ikifika unaondoka na mtu. Ziko steji zenye mwenyekiti mkali ambazo hufanya hivi, na vijana wake humaliza siku na mafuta kwenye tangi. Zinavunjika pale mmoja anapoona abiria akishuka kwenye matatu na kumkimbilia kabla ya zamu, wengine wakaiga, foleni ikafa. Viongozi wa steji, ninyi mnaotoza ada ya kujiunga na faini ya kuchelewa mkutanoni, tozeni faini ya kuruka foleni. Hiyo itaokoa petroli kuliko hotuba yoyote ya mazingira.

Na kwa kuwa tumetaja matatu: nkt! Ule mchezo wa kusogea mbele mita kumi na kurudi nyuma mita kumi, dereva akipiga gesi ili abiria wadhani gari linaondoka sasa hivi, ukome. Watu wameketi ndani robo saa, dizeli inaungua, na gari halijatoka hata kwenye kivuli cha jengo. Abiria nao waache kukubali kudanganywa. Gari likijaa litaondoka. Halijai kwa kunguruma.

Sasa nimgeukie fundi, maana ndiye mtu ambaye kijiwe hiki hakimsikilizi inavyompasa. Anasema pikipiki nyingi zinazomfikia zinakula mafuta kupita kiasi, na si kwa sababu ni mbovu. Ni chafu. Vumbi la murram la huku linaingia kwenye chujio la hewa mpaka sponji linakuwa tope. Injini ikikosa hewa haiwezi kuunguza mafuta vizuri, kwa hiyo yanatoka nusu mabichi kwenye eksosi: ule moshi mweusi na ile harufu inayochoma macho. Kuosha sponji hilo ni kazi ya dakika chache. Mnyororo uliolegea na kukauka unaiba nguvu. Tairi lisilojaa upepo linaiba nguvu. Breki inayogusa gurudumu muda wote inaiba nguvu. Plagi iliyochakaa hivyohivyo. Kisha kuna wale wanaotaka mwendo, wanamwambia fundi mchanga "niongezee mafuta kwenye kabureta", na wale wanaotoboa eksosi ili pikipiki ilie. Mlio huo hauongezi nguvu. Unaamsha watoto wa watu na kuchoma pesa ya mwenyewe.

Na petroli yenyewe, mnainunua wapi? Ile ya chupa inayouzwa dukani vijijini ina hadithi yake: huwezi kujua imechanganywa na nini. Mwaka 2018 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa, kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wanayachanganya na petroli na dizeli ili wapate faida. Mafuta ya taa kwenye injini ya petroli huacha masizi, huchafua plagi, na huongeza moshi. Ukiweza kufika kituo chenye pampu, jaza pale. Ukilazimika kununua ya chupa, nunua ya kukufikisha kwenye pampu.

Barabara nayo ina lawama yake. Tangu Julai 2024 kila lita tunayonunua inabeba Ksh 25 ya ushuru wa matengenezo ya barabara; kabla ya hapo ilikuwa 18. Na ikafika mahali wabunge na magavana wakang'ang'ania Ksh bilioni 10.5 za ushuru huohuo, nani azishike. Wakati wakubwa wanavutana, sisi tunapita kwenye tope la Sinoko kwa gia ya kwanza, tairi linazunguka mahali pamoja, na lita inayotakiwa kutupeleka mbali inakwisha njiani. Tunalipia barabara kwenye pampu, kisha tunalipia ubovu wa barabara hiyo kwenye tangi. Wakubwa wetu, hilo linauma.

Lakini nikitaka kuwaonyesha safari tupu yenyewe, ile kubwa, siwapeleki steji. Nawapeleka kwenye mahindi.

Sisi ni watu wa mahindi. Ardhi hii iligawanywa kuwa mashamba ya makazi baada ya walowezi kuondoka, na tangu hapo tumepanda mahindi. Msimu wa mavuno ukifika, kuanzia Oktoba hivi, kila chombo chenye magurudumu kinabeba magunia: trekta, Canter, pikapu, mkokoteni wa punda, pikipiki yenye gunia mbili nyuma na dereva amekaa juu ya tangi. Mengi yanaelekea Moi's Bridge, kwenye ghala la Bodi ya Nafaka. Na ghala la Bodi lina sheria moja isiyobembelezwa: unyevu usizidi asilimia 13.5. Sheria hiyo ni ya haki. Mahindi mabichi huota ukungu, ukungu huleta sumu ya aflatoksini, na sumu hiyo huua watu.

Kinachonifanya nisonye ni kinachotokea kabla ya kipimo. Mkulima anapakia mahindi ambayo ameyaanika siku mbili tatu tu kwa sababu mvua inatishia na karo inadaiwa. Anakodi Canter. Anapanga foleni. Kipimo kinasoma asilimia 20. Anarudishwa. Canter inarudi Seregeya au Nangili na mzigo uleule, mahindi yanaanikwa tena, kisha gari lingine linakodiwa, safari nyingine. Safari tatu kwa mzigo wa safari moja. Na mwenye haraka ya pesa anamuuzia dalali langoni kwa bei ya kutupa, kwa hiyo hata hiyo safari ya kwanza ilikuwa ya kumtajirisha mwingine.

Mwalimu alifanya hesabu nyuma ya karatasi ya sukari, nikaiangalia mara mbili. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 20 lina kilo 72 za mahindi makavu. Zilizobaki ni maji. Ukilikausha hadi 13.5 linakuwa na uzito wa kama kilo 83. Tofauti ni karibu kilo 7. Katika gunia mia moja, hizo ni karibu kilo 680. Mkulima amekodi lori, amenunua dizeli, amechoma moshi barabara nzima, ili kubeba zaidi ya nusu tani ya maji kwenda Moi's Bridge. Kisha anarudishwa nayo. Nkt, nkt, nkt!

Wala kujua kama mahindi yamekauka hakutaki mashine ya bei. Akina mama wengi wanaijua njia ya chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, weka punje za mahindi mpaka theluthi moja hivi, tia vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, tikisa vizuri kwa dakika moja, acha kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yako bado yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15, usipakie. Ikibaki kavu chini ya chupa, umekaribia. Sasa tafuta kipimo chenyewe uthibitishe. Chama cha ushirika kimoja kikinunua kipimo kimoja cha unyevu, wanachama wote wakapimiwa kijijini kabla ya Canter kuja, ni safari ngapi zingefutika kwa msimu mmoja? Na mashine za kukausha zinazosogezwa, ambazo serikali ilianza kuzisambaza nchini mwaka 2023, ziletwe kwenye wadi wakati wa mavuno. Mashine ya kukausha ikikaa mjini, bado mahindi mabichi yatasafiri kuifuata.

Mbolea ni hivyohivyo, ila kwa upande wa kwenda. Mbolea ya ruzuku ilipoteremka hadi Ksh 2,500 kwa gunia la kilo 50 mwaka 2023, watu walifurahi, na walikuwa na haki. Lakini kila mmoja alipewa ujumbe wake kwenye simu, akaenda peke yake kuchukua gunia zake mbili, kwa boda boda, kwenda na kurudi. Majirani kumi, pikipiki kumi, siku moja, ghala moja. Pikapu moja ingebeba yote. Vikundi vyetu vya mazishi na vya merry-go-round vinajua kuchanga pesa na kuaminiana kwa mambo mazito kuliko hayo. Vichange gari la mbolea. Vichange gari la maziwa pia, maana kila asubuhi naona pikipiki tano zikifuatana, kila moja na jerikeni mbili, zote zikielekea kwenye tangi moja la kupozea.

Na reli? Mzee wetu akisikia neno reli hutikisa kichwa. Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, na mwaka 1926 tawi lake kutoka Leseru likafika Kitale, likipitia Soy na mahali palipoitwa wakati huo Hoey's Bridge, ndipo leo Moi's Bridge. Tawi hilo lilijengwa kuhudumia mashamba ya walowezi. Mahindi yao yalipanda treni. Yetu, tulipopata ardhi, yakapanda lori, na tawi lile likaachwa miaka mingi nyasi zikiota katikati ya mataruma. Tani moja ya mahindi ikibebwa kwa treni hula mafuta kidogo sana ukilinganisha na lori, kwa sababu gurudumu la chuma juu ya chuma halina msuguano mkubwa kama wa tairi na lami. Kila mwanasiasa anayekuja kutuambia atafufua viwanda, aulizwe kwanza kuhusu treni ya mizigo ya Kitale. Nchi inayolia gharama ya dizeli haiwezi kuwa na reli kando ya ghala la mahindi na ikaendelea kujaza lori.

Kuna safari nyingine tupu ambayo haitoi moshi mwingi kwa siku moja, lakini ni ya mwaka mzima: safari ya Kakamega. Likuyani iko kaskazini kabisa ya kaunti. Eldoret tunaifikia, Kitale tunaifikia, lakini makao yetu makuu yako Kakamega mjini, na ukitaka kufika huko unalala mapema uamke usiku. Unafika, unaambiwa mwenye muhuri ametoka. Unarudi. eCitizen ilianza 2014, na sasa huduma nyingi za serikali kuu ziko humo, na kijana yeyote wa saiba anaweza kukusaidia hapahapa. Za kaunti zinazohitaji sahihi ya mtu, huyo mtu apewe mamlaka ya kusaini katika ofisi ya kaunti ndogo. Karatasi inaweza kusafiri kwa simu. Bibi wa miaka sabini hana sababu ya kusafiri badala yake.

"Sasa mbona hutaji pikipiki za stima?" kijana mmoja aliniuliza, na kwa kweli alikuwa amengoja muda mrefu. Nazitaja, kijana wangu, na ninazitaka zije. Injini ya petroli hugeuza kama robo tu ya nguvu ya mafuta kuwa mwendo. Iliyobaki inapotea kuwa joto, lile linalokuunguza mguu. Mota ya umeme hugeuza sehemu kubwa sana ya nguvu yake kuwa mwendo. Kilomita mia kwa pikipiki ya stima ni yuniti tatu au nne hivi. Na sehemu kubwa ya stima ya Kenya hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa, upepo wa Turkana na jua, kwa hiyo moshi hauhamii tu mahali pengine. Mwaka 2023 EPRA iliweka bei maalumu ya stima ya kuchajia vyombo hivi: Ksh 16 kwa yuniti, na Ksh 8 saa za usiku ambazo matumizi ni madogo, kabla ya kodi na ada nyingine. Mwaka huohuo, Septemba, Rais Ruto akazindua mpango wa taifa wa vyombo vya umeme. Kule Rwanda wamekwenda mbele zaidi: tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali lazima ziwe za umeme.

Fundi alikuwa na shaka, na shaka zake ni za maana. Stima ikipotea? Ilipotea nchi nzima Agosti 25, 2023, na huku kwetu haihitaji nchi nzima. Upepo mmoja unatosha. Jibu ni kituo cha kubadilisha betri: unaacha iliyoisha, unachukua iliyojaa, unalipa, unaondoka, na kituo kinakuwa na akiba. Lakini hapo ndipo penye kazi. Kampuni kama Ampersand, Roam na Spiro zilianza kwenye miji mikubwa kwa sababu ndiko wateja wamejaa. Kijana wa Kongoni hawezi kwenda Eldoret kubadilisha betri. Hiyo nayo itakuwa safari tupu. Tena ada ya betri isije ikawa mkopo mwingine wa kila siku juu ya ule wa kwanza. Na mafundi wetu wafundishwe mapema, wasije wakaachwa na spana mkononi. Kijiji kikipata vituo, bei ya haki na fundi anayejua, pikipiki za stima zitakuja zenyewe bila kuhubiriwa.

Mpaka wakati huo, yale malori mazee ya dizeli yanayotapika moshi mweusi yakipanda kilima yasiachwe. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani. Kanuni za ubora wa hewa tulizitunga tangu 2014. Ibara ya 42 ya Katiba inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na mama anayekaanga mandazi kando ya lami naye ni mtu. Askari anayesimamisha lori na kuangalia leseni anaweza kuangalia eksosi pia, haijifichi.

Na baiskeli irudi. Kwa safari ya kwenda dukani, kwenda posho mill, kwenda shule, hakuna chombo kinachoishinda. Watu wameiacha kwa woga zaidi ya uvivu: lami haina njia ya pembeni, na lori likikupita upepo wake tu unakutupa mtaroni. Barabara inapokarabatiwa, mita moja na nusu ya lami kila upande kwa waendao kwa miguu na baiskeli si anasa.

Ndugu zangu wa Likuyani, kaunti hupeleka mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na kila wadi ina kamati yake ya mabadiliko ya tabianchi. Kwenye mikutano ya mambo hayo huenda watu wachache, walewale, na kinachoandikwa ni walichosema wao. Mkutano ukiitishwa Sango, Kongoni, Nzoia, Sinoko au Likuyani, nendeni mkadai mashine ya kukausha mahindi ikae ndani ya wadi wakati wa mavuno, njia ya baiskeli kwenye kila barabara itakayotiwa lami, na afisa mwenye mamlaka ya kusaini katika ofisi ya kaunti ndogo. Semeni kwa sauti, na msiondoke mpaka karani ayaandike kwenye kumbukumbu za mkutano.